Elektroni Zinazotoroka: Kinga ya Radi kwa Mtumiaji wa Umeme

Ndugu watumiaji wa umeme wa Ngonga na Kyela kwa jumla,

Wilaya hii ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini. Tumechagua kuzungumza juu ya radi, kwa kuwa huunguza friji, huua mvuvi ziwani, na huwafanya watu walipie kinga zisizokinga.

Umeme ni mwendo wa elektroni, chembe ndogo mno. Elektroni ipitayo hewani hugongana na chembe nyingine ikapungua mwendo, mithili ya mtu apitaye kati ya umati siku ya gulio. Lakini mwaka 1925 mwanasayansi C.T.R. Wilson wa Uingereza alieleza kwamba ndani ya wingu la ngurumo elektroni yaweza kupata nguvu kuliko inayopoteza. Hapo, kadiri inavyokimbia ndivyo hewa inavyoshindwa kuizuia. Hutoroka, hukaribia mwendo wa nuru, na kuzigonga nyingine zikatoroka nayo.

Watoro hao huwashughulisha pia wahandisi wanaojenga mtambo wa ITER huko Ufaransa, utakaounganisha viini vya atomu ndani ya gesi yenye joto kuliko kitovu cha jua. Mkondo wa umeme ndani ya gesi hiyo ukivurugika ghafla, elektroni zinazotoroka zaweza kuyeyusha ukuta wa mtambo. Kinga iliyochaguliwa ni kufyatua humo vipande vya gesi iliyogandishwa, ili elektroni zikose njia nyepesi. Kinga hiyo lazima iwe tayari kabla ya hatari, kwani baadaye hakuna muda wa kuitafuta.

Kanuni hiyo ndiyo tunayowaachia: umeme uliokwisha kutoroka haubembelezwi; huandaliwa njia mapema.

Njia hiyo nyumbani ni waya wa athi, unaoupeleka umeme ardhini. Kabla ya kumlipa fundi, hakikisheni ana leseni ya EWURA, na mtakeni aipime athi mbele yenu. Tundu la tatu la soketi lisilounganishwa na athi ni pambo tu. Gadi ya friji husaidia umeme unapopanda ghafla, lakini haihimili radi iliyopiga karibu. Chomoeni vifaa wingu likiwa bado mbali. Ngurumo ikishaanza, msiguse nyaya wala plagi.

Wapo wanaouza hirizi na dawa za kuzuia radi, wakidai kwamba hutumwa na adui. Radi haimjui adui wa mtu. Kinga isiyo na njia ya kufika ardhini haiukingi mwili wala nyumba, na fedha yake ingenunua waya.

Mkiona mmweko, hesabuni. Sekunde 3 ni takriban kilomita 1. Ngurumo ikisikika kabla ya sekunde 30, ingieni katika nyumba imara. Mlio mtumbwini rudini pwani, na mlio shambani ondokeni chini ya mikakao na miembe. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguseni bila hofu. Ikiwa hapumui, msukumeni kifua kwa nguvu na haraka huku mwingine akiita msaada. Wengi huokolewa na mikono ya jirani asiyeogopa.