Pini Kabla ya Programu Kuanza: Kupanga Kuingiza na Kutoa kwenye ATmega328P



Miaka kadhaa iliyopita nilijitengenezea kidhibiti cha pampu ya tangi nyumbani. Mchana kutwa kilifanya kazi bila tatizo. Kero ilikuwa umeme ukikatika: kila uliporudi, pampu ilinguruma kama sekunde moja, hata tangi likiwa limejaa pomoni, kisha ikanyamaza. Nilibadilisha relei, nikabadilisha chaja. Kumbe kosa lilikuwa kwenye programu yangu mwenyewe.

Tuichukue chipu ya ATmega328P, ile ya bodi ya Arduino Uno. Pini zake zimegawanywa katika makundi matatu, B, C na D, na kila kundi lina rejista tatu. DDR huamua mwelekeo: 0 pini inapokea, 1 inatoa. PIN ni ya kusoma hali ilivyo. PORT hubeba thamani inayotolewa, lakini ina kazi ya pili inayosahauliwa: pini ikiwa ya kupokea, kuandika 1 kwenye PORT huunganisha rezista ya ndani, ohm 20,000 hadi 50,000, inayoivuta pini kuelekea volti 5.

Chipu inapoamka, DDR na PORT zote ni 0. Pini inapokea na haivutwi popote, inaning'inia tu. Bodi yangu ya relei, kama nyingi za madukani, huwaka ikipewa 0. Nami niliifanya kwanza pini namba 8 iwe ya kutoa, nikafungua mawasiliano na kompyuta, nikasubiri sekunde moja kihisi kitulie, ndipo nikaandika 1. Sekunde hiyo nzima PORT ilikuwa 0! Amri hizo mbili zingefuatana, nisingegundua kitu, kwani relei huhitaji milisekunde kadhaa kufunga na chipu huhesabu kwa mikrosekunde. Kosa lingebaki limejificha.

Dawa ni kugeuza mpangilio (pini namba 8 ni PB0, ya kundi B):

PORTB |= (1 << PB0);
DDRB |= (1 << PB0);

Pini huvutwa juu kwanza, kisha hutoa 1 kamili, bila kupitia 0. Kabla ya mstari wa kwanza, hata hivyo, kipakiaji cha Arduino (bootloader) huenda bado kinasubiri, na hapo programu haina la kufanya. Rezista ya nje ya ohm 10,000 kwenda volti 5 ndiyo inayoishikilia pini.

Upande wa kupokea, swichi ya boya iunganishwe kati ya pini na ardhi, rezista ya ndani ikiwa imewashwa. Swichi ikifunga, utasoma 0. Kwa volti 5, chini ya 1.5 ni 0 na juu ya 3 ni 1. Katikati hakuna ahadi. Waya mrefu unaopita kando ya waya wa pampu huishinda rezista ile dhaifu, kwa hiyo ongeza ya nje ya ohm 4,700.

Kuhusu mkondo, miliampea 40 kwa pini ndio ukomo wa kuharibu, si wa kufanyia kazi. Koili ya relei ndogo ya volti 5 hula takribani 70, hivyo transista na diodi ni lazima. Wenye ESP32 wakumbuke kwamba pini 34 hadi 39 hupokea tu na hazina rezista ya ndani.

Mchana kila meza itakuwa na bodi, relei na taa badala ya pampu. Anzeni na programu yangu ile mbovu; zimeni na kuwasha mara kumi, mkisikiliza relei.