Msamaha Uishie Juu ya Paa

Hotuba kuhusu ujenzi wa ukumbi mpya, Bugarama



Kila alfajiri sisi humwelekea Surya, jua, tukamtolea maji na dua. Leo nimeombwa kusema neno juu ya ukumbi tunaokusudia kuujenga, nami nitaanza na jua hilo hilo.

Serikali imetenda sehemu yake. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 ilimzaa Wakala wa Nishati Vijijini, REA. Pale Rusumo, wilayani Ngara, maji ya mto Kagera huendesha mitambo ya megawati 80 tunayogawana na Rwanda na Burundi. Tena Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014 iliziweka paneli, betri na taa za jua katika orodha ya bidhaa zilizosamehewa kodi hiyo.

Lakini msamaha huo hupita mikononi mwa mfanyabiashara kabla ya kufika juu ya paa la mnunuzi. Naungama mbele yenu: mzigo wangu wa kwanza wa paneli niliupangia bei kana kwamba kodi nimeilipa. Mwalimu mmoja mstaafu aliitazama bei, akaniambia kwa upole, "Serikali imesamehe, bwana, wewe mbona hujasamehe?" Akaondoka bila kununua. Nilishusha bei juma lile lile, ila yeye hakurudi tena.

Kwa hiyo nashauri mambo mawili. Kwanza, ukumbi ujengwe kwa busara: madirisha mapana yanayotazamana ili upepo upite, dari chini ya bati, na paneli juu ya paa. Nyumba inayowasha taa adhuhuri hupoteza umeme, hata ukiwa wa jua. Jirani zetu wa Kenya walitunga kanuni mwaka 2012 za kupasha maji majumbani kwa jua. Sisi tuanze kwa hiari yetu. Pili, jioni taa za ukumbi ziwamulikie watoto wa mtaa wanaosoma, wawe wa dini yoyote.

Nami paneli hizo nitazitoa kwa bei niliyonunulia, na ankara yangu ibandikwe ukutani kila mtu aisome. Kutoa ni moyo, si utajiri.