Hotuba kwa Wanachama wa Silanga: Uchungu Uliofungiwa Ndani



Leo twasema juu ya ugonjwa usioonekana kwa macho. Sisi si waganga. Sisi ni watu wa reli, na elimu yetu ni ya shule ya misheni tu. Lakini jambo hili limeingia nyumbani mwetu.

Ninyi mkaao Silanga mwajua jinsi watu wapitavyo juu ya reli hapa Kibera tangu alfajiri. Dereva hupiga honi, hufunga breki, lakini gari moshi halisimami kama baiskeli. Mwenzetu mmoja alipatwa na jambo hilo. Kesho yake aliambiwa aingie kazini. Hakulia. Tukamsifu kuwa ni mwanamume kweli, na hapo tulikosa. Baada ya miezi kadha kichwa na tumbo vikawa vyamuuma, dawa hazikumfaa, na jioni watoto walimkimbia.

Daktari Habib Davanloo, aliyefanya kazi Montreal huko Kanada, aliuchunguza ugonjwa wa namna hii miaka mingi. Alifundisha kwamba huzuni, hasira na majuto vikifungiwa ndani, mwili huweza kulipa. Tiba yake ni mazungumzo, lakini si ya kupeana mashauri. Mtaalamu huuliza: sasa hivi wasikia nini moyoni? Mwilini chakushika wapi? Mgonjwa akicheka ili apite, au akirukia habari nyingine, huonyeshwa kwamba amekimbia. Ni kazi ngumu, haifai kufanywa na mtu asiyejifunza. Machozi hutoka, na hasira pia, pengine hasira juu ya yule yule aliyekufa, kisha majuto. Hapo ndipo mzigo huanza kupungua.

Msidhani ni mambo ya matajiri. Mwaka 2002, katika vijiji vya Rakai na Masaka, Uganda, walijaribu mazungumzo ya namna nyingine, ya vikundi. Wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, walikutana kila juma kwa majuma 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa. Walisema juu ya misiba na magomvi yao. Mwanzoni watu 86 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa huzuni. Mwishoni hawakufika 7. Mahali pasipokuwa na vikundi walibaki kama 55.

Mwenzetu ameturuhusu kusema habari zake. Amekwenda kwa mtaalamu mara nne, kwa fedha tulizochanga. Mara ya tatu alilia mpaka shati likalowa. Bado huamka usiku, lakini watoto sasa humngoja mlangoni.

Basi, twataka mwajiri akubali haya: dereva aliyepatwa na ajali ya mtu asirudishwe kazini kesho yake, apewe siku zake pamoja na mtaalamu wa kuzungumza naye, na gharama isiwe ya mchango wetu. Karatasi ya kutia sahihi iko kwa katibu, mezani pale mlangoni.