Kipindupindu Hakingoji Barabara Ifunguke

Hotuba kwa wakazi wa Magarini kuhusu maandalizi kabla ya mvua



Wengi waliofika hapa wanaikumbuka masika ya 2018. Mto Sabaki ulivunja kingo zake, maelfu ya watu wakahama mashamba na kupiga kambi kwenye miinuko. Vyoo vilifunikwa, visima vikaingia tope, barabara zikakatika. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilirudisha taabu ileile. Mafuriko peke yake hayazai kipindupindu, lakini ugonjwa ukiwa karibu huufungulia mlango, maana kinyesi na maji ya kunywa hukutana.

Na ugonjwa umekuwa karibu. Mlipuko uliotangazwa nchini Oktoba 2022 ulihusishwa na harusi iliyofanyika Limuru, Kaunti ya Kiambu. Wageni walirudi makwao nao. Kabla haujatulia, zaidi ya watu 12,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 200 wamefariki. Majirani wa Tana River walikuwa katika kaunti zilizopewa chanjo ya matone Februari 2023. Kutoka huko hadi Gongoni ni safari ya matatu tu.

Jambo la kutisha kuhusu ugonjwa huu ni kasi yake. Mgonjwa huharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele, hutapika, misuli ikamkaza. Akikosa maji mwilini anaweza kufa ndani ya saa chache. Mkazi wa Mambrui ana lami karibu. Wa ndani kule Adu, au wa Garashi siku maji yamefunika njia, hospitali ya Marafa au ya Malindi iko mbali mno. Ambulensi haiogelei. Kwa hivyo tiba ianze nyumbani, hata kabla bodaboda haijafika.

Tiba yenyewe si ngumu. Wagonjwa kama wanane katika kila kumi hupona kwa kunyweshwa ORS tu, wakianza mapema. Pakiti ichanganywe na kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake. Pasipo pakiti, chukua lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, si vya kilima. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo. Akitapika, asubiriwe dakika kumi kisha aendelee. Mtoto anayenyonya asiachishwe titi. Aliyelegea au kushindwa kunywa anahitaji dripu, na huyo apelekwe kituoni upesi huku akinyweshwa njiani kama bado anaweza kumeza.

Maji ya Sabaki yana shida yake. Mto huu huanza mbali kwa jina la Athi, ukapokea maji yanayotoka Nairobi, ukaitwa Galana baada ya kukutana na Tsavo, ndipo ukafika huku. Wekundu wake ni udongo, na udongo hula nguvu ya dawa. Wapo wanaotia dawa moja kwa moja kwenye mtungi wa maji mekundu, wakaamini kazi imekwisha. Yaachwe kwanza yatuame, yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha yatiwe dawa na kusubiriwa nusu saa. Asiye na dawa ayachemshe hadi yatokote. Maji ya silanga ni vivyo hivyo. Na kata inayozamishwa mtunguni na kila mkono unaopita huharibu kazi yote hiyo.

Katiba ya 2010 iliipa kaunti vituo vya afya, huduma za ambulensi, ukaguzi wa wauza vyakula na hata makaburi. Mkazi anayeuliza kama zahanati yake ina dripu na ORS kabla ya mvua hamsumbui mtu. Anauliza lililo haki yake, na aulize sasa, si siku daraja limefunikwa.

Lililo gumu zaidi ni aibu. Kipindupindu kimeitwa ugonjwa wa watu wachafu, na jina hilo linaua: familia husema ni tumbo la kawaida, humficha mgonjwa ndani, hata akifa jirani haambiwi. Kisha huja matanga, au hanga kwa Wagiriama. Waliomwosha marehemu ndio haohao wanaosonga sima ya waombolezaji, na vijidudu bado vimo mikononi mwao. Hakuna anayekatazwa kumzika mtu wake kwa heshima, na shehe au mchungaji wake akiwapo. Wanaomgusa maiti wawe wachache, wavae glavu, waelekezwe na afisa wa afya ya umma, wasishike mapishi. Sabuni na maji viwekwe penye chakula na penye choo. Wazee wakikubali chakula kiahirishwe, marehemu hajadharauliwa. Uamuzi huo wazee waufanye sasa, wakiwa watulivu. Msibani hakuna anayesikiliza.

Kila mhudumu wa afya ya jamii amepewa takriban nyumba 100. Mtu mzima mmoja anayeharisha maji hadi macho yakadidimia anatosha kumwita usiku. Mhudumu hukijulisha kituo, kituo huijulisha afisi ya kaunti ndogo, na sampuli ya choo huchukuliwa. Majibu ya maabara huenda yakachukua siku, lakini mgonjwa huendelea kunyweshwa hata kama hayajafika.

Baada ya maswali, wahudumu watachanganya maji ya sukari na chumvi hapa mbele, kwa vijiko vya kawaida vya nyumbani. Kila mmoja apite ajaribu. Kina mama wenye watoto wachanga watangulie.