Dawa za Mwasho Zitokazo Katika Mimea



Kila mtu aliyepata kupita penye upupu ajua mateso yake. Malaika ya ganda lake yakigusa mwili, mtu hujikuna mpaka ngozi ikachubuka. Lakini mwasho huo hupita upesi. Wako watu wawashwao wiki 6 na zaidi, pengine miaka, wala usiku hawapati usingizi. Huo ndio mwasho wa kudumu.

Zamani mwasho ulihesabiwa kuwa kazi ya histamini, kitu kitolewacho na mwili mtu aumwapo na mbu. Upupu umewafunza wataalamu mengine. Mwaka 2008 ilionyeshwa ya kwamba kimeng'enya chake, mukunaini, huamsha vipokeo vingine kabisa. Basi si ajabu kwamba vidonge vya kuzuia histamini mara nyingi havimfai mgonjwa wa mwasho wa kudumu.

Mmea mwingine ni pilipili. Ukali wake ni kapsaisini, na kipokeo chake kilitambuliwa mwaka 1997 na David Julius na wenzake huko California. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Marhamu ya kapsaisini huchoma sana siku za kwanza, hata wengine huiacha. Lakini ikipakwa mara kwa mara, mishipa ya fahamu hulegea, isipeleke tena habari za mwasho. Imewasaidia baadhi ya watu wenye mishipa iliyodhurika, na baadhi ya wenye maradhi ya figo. Mentholi ya mnanaa nayo huamsha kipokeo cha baridi, na ngozi hupoa kwa muda.

Hata hivyo, haifai hata kidogo kusaga pilipili ya jikoni na kujipaka. Marhamu ya dukani ina kipimo chake, wala haipakwi penye kidonda au karibu na macho.

Tena mwasho wenyewe si ugonjwa siku zote. Pengine ni habari ya ugonjwa. Figo au ini likiharibika, mwili waweza kuwasha kabla ya dalili nyingine kuonekana. Upele nao una dawa yake, na watu wote wa nyumba hutibiwa pamoja. Atulizaye mwasho kwa majani mwezi baada ya mwezi bila kupimwa, aweza kuchelewa mno. Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.