Gofu isiyo na uzio katika bustani za Birmingham

Jiji la Birmingham, la pili kwa wingi wa watu nchini Uingereza, lina bustani za umma na maeneo ya wazi zaidi ya 600. Wasikilizaji wa Afrika Mashariki waliofuatilia Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2022 waliiona mojawapo, pengine bila kulijua jina lake. Mbio za marathoni za wanaume zilipita ndani ya Cannon Hill Park, siku ambayo Victor Kiplangat wa Uganda alitwaa medali ya dhahabu, Alphonce Simbu wa Tanzania akapata fedha na Michael Githae wa Kenya akaondoka na shaba.

Michezo hiyo ilikwisha, wageni wakarejea makwao, na bustani zikabaki na watu wake wa kila siku: mama anayesukuma kigari cha mtoto, mzee anayetembeza mbwa wake, vijana wanaogombania mpira wa miguu hadi jua linapotua. Katika bustani nyingi za Ulaya watu hao sasa hupishana na mchezaji wa namna nyingine, mwenye mkoba mdogo begani na visahani viwili au vitatu vya plastiki ndani yake. Mchezo wake ni gofu ya visahani, na swali linaloambatana nao ni kubwa kuliko mchezo wenyewe: je, ardhi ya wote yaweza kuchezewa bila ya kugeuka kuwa mali ya wachache?

Anayeijua gofu ya kawaida hahitaji maelezo marefu. Mahali pa mpira mdogo pana kisahani chenye upana wa sentimita 21 hivi. Mahali pa magongo pana mkono wa mchezaji. Na mahali pa shimo ardhini pana kikapu cha chuma kilichofungwa juu ya nguzo, na juu yake minyororo inaning'inia kwa duara. Kisahani kikiigonga minyororo hiyo hupoteza kasi na kutumbukia kikapuni. Mchezaji huanza mahali palipowekwa alama, hurusha kisahani, hukifuata hadi kilipotua, na kutoka hapo hurusha tena. Anayekifikia kikapu kwa mirusho michache zaidi ndiye mshindi.

Uwanja kamili huwa na vikapu 18, na baadhi yao huwa umbali wa zaidi ya mita 150 kutoka mahali pa kuanzia. Lakini kwa anayeanza jijini Birmingham, au kwingineko kokote, uwanja unaomfaa ni ule mfupi wa bustani ya mtaa: vikapu tisa au pungufu, kila kimoja kikiwa umbali wa mita 40 hadi 80, kwenye nyasi zilizofyekwa na miti iliyoachana. Kila kikapu hupangiwa mirusho mitatu. Mtoto wa miaka minane aweza kuumaliza uwanja huo na babu yake, na wote wawili hawatatumia zaidi ya saa moja.

Ufupi huo una maana yake. Mchezaji mpya hudhani kwamba nguvu za bega ndizo zinazokipeleka kisahani mbali, na matokeo yake huyaona mara moja: ukingo wa mbele huinuka, kisahani hupanda juu kama ndege aliyeshtuliwa, kisha huanguka karibu na miguu yake. Kinachokiweka kisahani sawa hewani ni kule kuzunguka kwake, kama vile pia ya mtoto inavyosimama kwa sababu tu inazunguka. Mzunguko ukipungua, kisahani huanza kuinama. Kwa mwenye kurusha kwa mkono wa kulia, akiuvuta mkono kutoka upande wa kushoto wa kifua chake, kisahani hupinda kushoto kinapokaribia kutua. Mchezaji anayeijua tabia hiyo hulenga kulia kidogo mwa kikapu, akaiachia hewa imalizie kazi.

Kwa sababu hiyo wanaoanza hushauriwa kuviacha kwanza visahani vyenye ukingo mwembamba na mkali, ambavyo hutaka kasi kubwa, na kutumia vile vya ukingo butu, vinavyoruka polepole na kwa utulivu. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na katika mchezo huu msemo huo hupimwa kwa mita. Mara nyingi mrusho wa taratibu, kisahani kikiwa bapa, huenda mbali kuliko ule wa hasira.

Zaidi ya ufundi, mchezo una adabu zake. Aliye mbali zaidi na kikapu ndiye anayetangulia kurusha. Wengine hunyamaza na kusimama nyuma yake. Lililo kubwa kuliko yote ni kwamba mchezaji harushi kisahani mpaka awe na hakika kwamba hakuna mtu anayeweza kudhurika mbele yake. Kama kuna mpita njia, mchezaji husubiri. Kama familia imetandika mkeka wake karibu na kikapu, kikapu hicho hurukwa, na mchezo huendelea kwenye kinachofuata. Katika bustani ya umma, mwenye kutembea ndiye mwenyeji, na mwenye kisahani ni mgeni.

Adabu hiyo inatokana na historia ya mchezo. Ulikulia ndani ya bustani ya umma, tofauti na gofu ya kawaida iliyoenea duniani kupitia klabu za wanachama. Mwaka 1975 Mmarekani Ed Headrick, aliyekuwa amefanya kazi katika kampuni ya Wham-O inayotengeneza visahani vya Frisbee, alipanga uwanja wa kwanza wa kudumu katika Oak Grove Park, karibu na Los Angeles. Hapo mwanzo malengo yalikuwa nguzo tu, na wachezaji walibishana bila kikomo kama kisahani kimegusa au hakikugusa. Headrick akabuni kikapu chenye minyororo, akakipatia hataza mwaka 1977, na ubishi ukaisha. Mwaka 1976 alikuwa amekwisha kuanzisha chama cha wachezaji, ambacho hadi leo ndicho kinachosimamia kanuni za mchezo kimataifa. Alipofariki mwaka 2002, kwa wasia wake mwenyewe, majivu yake yalichanganywa katika plastiki ya visahani.

Tangu hapo mchezo umevuka bahari. Finland, nchi yenye watu wasiozidi milioni 6, ina mamia ya viwanja, na vingi kati yao viko katika misitu na bustani za umma ambako mtu huingia bila kulipa. Nchini Uingereza mchezo umekwenda kwa hatua fupi zaidi. Mashindano ya wazi ya nchi hiyo yamewahi kuchezwa katika uwanja wa Quarry Park, nje kidogo ya mji wa Leamington Spa, ambao hauko mbali na Birmingham kwa treni.

Njia hiyo kati ya Birmingham na Leamington iliwahi kupitwa na mchezo mwingine, na kisa chake kina somo. Kati ya mwaka 1859 na 1865, katika mtaa wa Edgbaston jijini Birmingham, mwanasheria Harry Gem na rafiki yake Augurio Perera, mfanyabiashara mwenye asili ya Hispania, walikuwa wakijaribu kupiga mpira kwa raketi juu ya nyasi za nyumba ya Perera. Mwaka 1872 wote wawili walihamia Leamington, na huko, wakishirikiana na madaktari wawili, wakaanzisha klabu. Mchezo huo leo dunia nzima inaujua kuwa ni tenisi. Ulizaliwa katika ua wa nyumba ya mtu, ukalelewa na klabu, na ilichukua miaka mingi kabla ya mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda kupata mahali pa kuucheza.

Mtoto huyo wa mfanyakazi alihitaji kwanza ardhi, na ardhi ilitoka mkononi mwa mwanamke. Louisa Ryland, aliyerithi mali nyingi kutoka kwa baba yake, aliwapa watu wa Birmingham eneo la Cannon Hill, na bustani ikafunguliwa mwaka 1873. Hakutaka iitwe kwa jina lake. Miaka michache baadaye alitoa ardhi nyingine katika mtaa wa Small Heath, ambao leo una wakaazi wengi wenye asili ya Kusini mwa Asia na ya Somalia. Wakati ule Birmingham ilikuwa jiji la moshi na nyundo, na bustani ilikuwa mahali pekee ambapo fundi wa chuma aliweza kuwapeleka watoto wake wakavuta hewa safi.

Msikilizaji wa Nairobi hatakiona kisa hicho kuwa kigeni. Mwaka 1906 mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee aliwapa wakaazi wa mji huo, uliokuwa ungali mchanga, bustani ambayo hadi leo inaitwa Jeevanjee Gardens. Mwaka huohuo wa 1906 ndipo ilipoanzishwa klabu ya gofu iliyokuja kuitwa Royal Nairobi. Katika enzi ya ukoloni, Mwafrika aliingia kwenye klabu za namna hiyo akiwa amebeba mfuko wa magongo ya mtu mwingine. Hivyo katika mji mmoja, na katika mwaka mmoja, zilizaliwa ardhi mbili: moja yenye lango na mlinzi, nyingine yenye benchi ambalo yeyote aweza kuliketia.

Na ardhi isiyo na mlinzi haikosi wa kuitamani. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alisimama kupinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Mwaka 1991 Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, aliongoza upinzani dhidi ya mpango wa kujenga maegesho ya magari mahali pa bustani ya babu yake. Bustani zote mbili ziliokoka kwa sababu walikuwapo watu waliozitumia, na waliozitumia walikataa zisichukuliwe.

Birmingham nayo imepata mtihani wake. Tarehe 5 Septemba 2023 Halmashauri ya Jiji ilitangaza rasmi kwamba haiwezi kumudu matumizi yake, hatua ambayo kwa lugha ya kawaida ilielezwa kuwa ni kufilisika. Mwezi Machi 2024 madiwani waliidhinisha kupunguza matumizi kwa takriban pauni milioni 300 katika muda wa miaka miwili, huku kodi ya wakaazi ikipandishwa kwa karibu asilimia 10. Katika hali kama hiyo, nyasi ambazo hakuna anayezikanyaga huwa rahisi kusahauliwa. Kwanza zinaachwa kufyekwa, kisha taa hazitengenezwi, kisha wazazi wanawakataza watoto kwenda, na mwishowe atatokea mtu wa kuuliza kwa nini eneo hilo lisiuzwe.

Hapo ndipo uwanja mfupi wa visahani unapokuwa na thamani isiyoonekana katika hesabu za mchezo. Vikapu tisa havihitaji nyasi za zulia, wala maji ya kumwagilia usiku kucha, wala jengo la klabu. Kisahani kimoja chaweza kununuliwa kwa pauni 10 hadi 15, na mchezaji anayeanza hahitaji zaidi ya kimoja. Uwanja wa gofu ya kawaida wenye mashimo 18 humeza makumi ya hekta na mara nyingi huwafungia wengine nje. Uwanja mfupi wa visahani hupenya katikati ya miti iliyopo, na mchezaji akishapita, nyasi hurudi kuwa za wote.

Hata hivyo, wanaoutilia shaka mchezo huu hawakosi hoja. Kisahani kigumu kinachogonga shina lilelile kila siku huweza kulijeruhi ganda la mti, na nyayo nyingi mbele ya kikapu hugeuza nyasi kuwa tope wakati wa mvua, ambazo Birmingham haina upungufu nazo. Mrusho usio na uangalifu waweza kumwumiza mtoto. Majibu ya hoja hizo yanajulikana: kukinga mashina yaliyo katika njia ya visahani, kuhamisha vikapu baada ya muda ili ardhi ipumzike, na kupanga mirusho ielekee mbali na njia za waendao kwa miguu. Pale yasipofuatwa, malalamiko ya jirani huwa ya haki, na mchezo hustahili kuondolewa.

Pale yanapofuatwa, uwanja wa visahani huleta watu bustanini saa ambazo pengine pasingekuwa na mtu: asubuhi ya Januari yenye baridi, au jioni ya siku ya kazi. Mwanamke anayekatiza bustani peke yake akirudi nyumbani huwakuta watu watatu wakicheka kwa sababu kisahani cha mmoja wao kimenasa mtini. Hao ni mashahidi, ni macho, na siku halmashauri itakapotaka kujua nani anaitumia bustani ile, watakuwa miongoni mwa watakaojibu.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mchezo uliotoka California umefika katika bustani za umma kama mgeni, na mgeni hupimwa kwa nafuu anayowaletea wenyeji. Ukijua kusubiri mpita njia amalize safari yake, bustani itakuwa imepata rafiki, na ardhi aliyoitoa Louisa Ryland bila kutaka jina lake liandikwe langoni itaendelea kuwa na watu wa kuitetea.