Kuku, jua na jirani

Mazungumzo na vyama vya akina mama na wazee wa mtaa, Baraka, Kivu ya Kusini

Mliniomba niseme juu ya kufuga kuku hapa kwetu kwenye joto. Nitasema hayo. Lakini naomba nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sababu kosa hilo ndilo lililonifundisha.

Mwaka 2016 nilikuwa mgeni katika kazi hii. Tulikuwa na mradi wa kusaidia familia zilizorudi kutoka kambi za Tanzania. Mimi ndiye niliyeandika orodha. Tukaleta kuku wa kizungu, wakubwa, weupe, wazuri kwa macho. Walisafiri ndani ya lori mchana kutwa, wakafika saa nane jua likiwa kali, tukawagawia waliorudi peke yao. Majirani waliobaki hapa wakati wote wa vita walisimama kando wakitazama.

Siku ileile wengine walikufa. Baada ya wiki mbili wakaanza kufa tena, nyumba kwa nyumba. Hapo neno likatoka: sumu. Wakamtaja mama mmoja mzee, jirani ambaye hakupewa kitu. Akaitwa mbele ya chefu, vijana wakajaa uwanjani, wengine na fimbo mkononi.

Mama yule hakupiga kelele. Alinitazama mimi akasema: «Mwanangu, kuku wako walishuka kwenye lori midomo wazi na mabawa chini. Mimi niliona. Na kuku wangu watatu wamekufa wiki hii hii, shingo zimepinda. Nani aliniuliza?»

Nikaenda kwake na veterineri, tukaona kwamba alisema kweli. Wale wa kwanza waliuawa na jua na safari. Wale wa pili waliuawa na kideri, na kideri kilikuwa kimeingia pia kwa yule tuliyemshtaki. Nilirudi mbele ya chefu nikasema: kosa ni langu. Lakini jina la mtu likishachafuliwa, halisafishwi kwa siku moja.

Kwa hiyo ninawaambia leo: kujua kwa nini kuku anakufa ni kazi ya amani. Asiyejua sababu hutafuta mtu wa kumlaumu.

Kuku gani tuchague?

Kuku hatoki jasho. Mwili wake una joto la kama digrii 41, kupita letu. Anapoona joto anahema mdomo wazi, anainua mabawa mbali na ubavu, na joto linatoka pia kwenye upanga mwekundu wa kichwani, kwenye ndevu zake na miguuni. Hewa ikipita digrii 30 anaanza kutaabika. Ikifika 35 na zaidi, bila kivuli wala upepo, kuku mzito anaweza kufa mchana mmoja.

Kwa hiyo, unapokwenda sokoni usitazame ukubwa tu. Tafuta mwenye mwili mwepesi, miguu mirefu, upanga mkubwa na manyoya yasiyosongamana. Wale wa shingo wazi, ambao watoto huwacheka, ndio Mungu aliowapa dawa ya joto. Manyoya yao ni machache kuliko ya wengine kwa asilimia 20 hadi 40, na joto linapata njia ya kutoka. Usiwachinje wote kwa sababu ya sura. Wale wa manyoya yaliyopinda kwenda juu nao wanavumilia.

Kuku wa nyama anayenenepa kwa wiki sita si wa uwanja wetu. Anahitaji chakula cha kununua, dawa, na mtu wa kumlinda na joto. Ukitaka kuongeza mayai, tunza kwanza kuku wa kienyeji vizuri. Kwa kawaida anataga mara tatu au nne kwa mwaka, mayai 12 hadi 15 kila mara. Anayetaga vizuri, anayeatamia mpaka mwisho, anayelinda vifaranga na mwewe, huyo mbakize, hata kama mgeni amefika. Mchinjie mgeni jogoo.

Majogoo wengi ni ugomvi tu. Mmoja anatosha kuku jike kumi. Na asikae na binti zake miaka na miaka, kwa maana uzao unadhoofika. Kila mwaka badilishaneni majogoo, mtaa wa waliorudi na mtaa wa wenyeji. Hapa kwenye mtaa huu mmeanza kufanya hivyo, na nimesikia watu wakisema, «huyu ni mtoto wa jogoo wa kwa fulani». Maneno hayo yananifurahisha kuliko ripoti.

Banda, maji na chakula

Banda letu lisiwe sanduku. Urefu wake uende kutoka mashariki hadi magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige upande mfupi tu. Ukuta wa chini uwe wa udongo, juu uwe wa matete au mianzi ili upepo upite, lakini matundu yawe madogo, kicheche na nyoka wasipite. Nyasi ni bora kuliko mabati. Kama unayo mabati, tandika nyasi juu yake. Usiweke kuku zaidi ya wanne au watano katika mita moja ya mraba. Chini ya mwembe ni mahali pazuri. Na weka shimo la majivu na mchanga mkavu waoge, liwaondolee chawa na viroboto.

Maji ndiyo dawa ya kwanza ya joto. Wakati wa joto kuku anaweza kunywa mara mbili ya kawaida, hata karibu nusu lita kwa siku. Kuku kumi, wekea lita tano. Tumia chungu cha udongo kivulini, kwa maana bidoni iliyo juani inapika maji. Badilisha asubuhi na saa sita mchana. Ukimwona kuku anahema sana, mpeleke kivulini, mloweshe miguu na upanga kwa maji ya kawaida, usimkimbize.

Chakula mpe mapema asubuhi na tena jioni. Tumbo linapofanya kazi linaleta joto, kwa hiyo mchana mwache apumzike. Tuna pumba za mahindi, mchwa, majani ya muhogo yaliyokaushwa vizuri na mabaki ya ndagala. Muhogo mchungu mbichi usimpe, una sumu. Hiyo ni sumu ya kweli, na haikutoka kwa jirani.

Mayai ya kuatamiwa yaweke ndani, mahali pa baridi, kwa mfano kwenye kikapu juu ya mchanga wenye unyevu, yasipitishe siku saba. Yakikaa kwenye joto yanaanza kuota kabla ya mama yake kuyalalia, kisha yanaharibika. Kuku mmoja mpe mayai 8 hadi 12, na siku ya 21 utasikia sauti.

Kabla ya kusema sumu

Ndugu zangu, jifunzeni kutofautisha. Kuku akifa alasiri ya siku isiyo na upepo, wale wanono wakitangulia, na kesho yake waliobaki ni wazima, fikiri jua. Kama wanafifia, wanaharisha kijani, wanapumua kwa shida, shingo zinapinda, na kifo kinahama kutoka uwanja hadi uwanja, fikiri kideri. Mwite veterineri kabla hujamwita chefu.

Kideri hakina dawa ya kuponya. Kina chanjo tu. Iko chanjo iitwayo I-2, ambayo inavumilia joto kuliko nyingine nyingi. Hata hiyo isikae juani: ibebwe katika kitambaa chenye maji au chungu cha baridi. Ni tone moja katika jicho, na inarudiwa kila miezi minne. Anayeumwa tayari haitamsaidia. Kwa hiyo chanjeni kabla ya kiangazi hakijaanza, siyo wakati vifo vimefika.

Na hapa ndipo jirani anapoingia. Ukichanja kuku wako kumi na jirani asichanje wake watano, ugonjwa unabaki uani kwake, na vifaranga wako watakaoanguliwa mwezi ujao watakuwa bado hawajachanjwa. Kuku hajui ua. Ndiyo maana tunaomba siku moja kwa mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, mwenyeji, aliyerudi na aliyehama kutoka milimani. Kuku aliyekufa mchome au mzike ndani kabisa. Ukimpeleka sokoni kwa haraka umwuze kabla hajafa, umeuza pia ugonjwa, na huko ni kumfanyia mwenzako kile unachomwogopa akufanyie.

Neno la mwisho ni juu ya mashamba. Wakati wa kupanda karanga na mahindi, kuku wanafukua mbegu, mtu anarusha jiwe, na asubuhi tuko kwa chefu. Kubalianeni mapema, mbele ya nyumba kumi: wiki mbili baada ya kupanda, kila mtu afunge kuku wake au awafungulie jioni tu. Kuku akiharibu, mwenyewe arudishe mbegu. Aliyeua kuku naye alipe kuku. Andikeni, msome mbele ya wote, ili sheria isiwe ya mtu mmoja.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mimi nilirudi kwa meli kutoka Kigoma nikiwa kijana, kwa hiyo kamba hiyo ninaijua. Lakini mnajua pia kwamba hatumfungi kuku milele. Tunamfunga siku chache mpaka azoee uwanja, kisha tunaikata.

Yule mama mzee leo ndiye anayebeba chanjo katika mtaa wake. Watu waliomshtaki wanamfungulia mlango saa kumi na mbili asubuhi, wanamshikia kuku, naye anatia tone. Sikumchagua mimi. Walimchagua wao, na safari hiyo sikuandika orodha.

Sasa maswali, na naomba wamama waanze.